Kasoro na Haiba katika Gita la Umeme

Mchagua jembe si mkulima, husema Waswahili. Methali hii huwaonya wavivu ambao hukilaumu chombo kwa makosa ya mkono. Lakini methali ina upande wa pili ambao aghalabu husahauliwa: jembe lenye mpini mbovu humchubua kiganja mkulima hodari sawasawa na mvivu, na hodari huumia zaidi kwa sababu hulima zaidi. Kisa cha jembe hilo ndicho kisa cha gita la umeme katika Afrika Mashariki. Watu wengi wamesifu sauti iliyotoka katika magita mabovu. Wachache wameuliza ni nani aliyelipa gharama ya ubovu wenyewe.

Kasoro za gita ni za namna mbili, na hapana hukumu ya haki mpaka zitenganishwe. Namna ya kwanza ni kasoro za umaliziaji: rangi iliyotiririka, vanishi yenye mapovu, mikwaruzo ya msasa, ukingo usiolainishwa. Hizi hulichukiza jicho, na pengine huukera mkono, lakini sauti haizijui. Namna ya pili ni kasoro za muundo: shingo iliyopinda, vigingi visivyoshika uzi, freti zilizopachikwa pasipo mahali pake. Freti hupangwa kwa hesabu: kila moja hukata takriban sehemu moja ya kumi na nane ya urefu wa uzi uliobaki. Fundi akikosea hesabu hiyo, gita litalingana likipigwa nyuzi tupu, na litakosana mara tu vidole vitakapopanda shingoni. Kosa la namna hii halifichwi na rangi nzuri, wala haliondolewi na bidii ya mpigaji. Laweza kukwepwa tu.

Hata hivyo, kabla ya kuita jambo lolote kasoro, yafaa kuuliza limepimwa kwa kipimo gani. Kalemela ni mahali pa Usukuma, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria, na tangu mwaka 2012 pamo katika Mkoa wa Simiyu. Katika nchi hiyo ya Wasukuma palikuwa na kipimo cha muziki zamani kabla gita halijafika. Baada ya mavuno, vyama vya Wagika na Wagalu hushindana kwa ngoma, kila upande uwanjani pake kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi. Ngoma iliyochongwa vibaya ikivuta umati imeshinda. Ngoma iliyopambwa ikiachwa peke yake imeshindwa. Umati ndio uliokuwa mhakiki, nao ulihukumu kwa masikio na miguu.

Zaidi ya hayo, mafundi wa ala katika nchi hizi hawakuupenda daima mlio mweupe usio na mchanganyiko. Mafundi wa Buganda na Busoga walizikaribisha nyuzi za endongo na ngozi ya kenge ili zikipigwa ziiguse na kuvuma. Wagogo huyaziba matundu ya ilimba kwa utando wa buibui, nao hutetemeka kila ulimi wa chuma upigwapo. Mpiga nyatiti wa Kijaluo huvaa pete ya chuma katika kidole cha mguu na kuugonga ubao wa ala yake, hata mlio wa nyuzi nane uchanganyike na mgongano wa chuma na mti. Mtu aliyezoea piano angeweza kuusikia mvumo huo akaudhani ni hitilafu. Lakini fundi aliutafuta, akauweka mahali pake, na ala iliyoukosa ilihesabiwa kuwa haijakwisha kutengenezwa. Mvumo uliokusudiwa ni sanaa. Mvumo uliojileta kwa uzembe wa kiwanda ni jambo jingine. Tofauti ya mambo haya mawili haimo katika sauti tu, bali imo katika nia na katika uwezo wa kuchagua.

Gita lilipoenea, lilikuja kwanza bila umeme, na aghalabu lilikuwa la bei nafuu. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini iliuza sahani za santuri na magita pia, yote kwa jina la Gallotone. Gita moja la aina hiyo, lililoitwa Champion, lilibandikwa ndani karatasi yenye ahadi kwamba halitapasuka. Ahadi hiyo yatosha kuwa ushahidi wa kihistoria. Muuzaji hamwahidi mnunuzi kuepushwa na jambo ambalo halijapata kumwogopesha. Na katika nchi ambazo kiangazi huukausha mti na masika huuvimbisha, kupasuka kwa gita kulikuwa msiba wa kawaida. Gita la namna hiyo hiyo lilifika Uingereza, na mwaka 1957 likawa mikononi mwa kijana wa Liverpool, John Lennon. Mwaka 1999 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 100,000. Mbao hazikuwa zimegeuka kuwa bora katika miaka hiyo 42. Kilichonunuliwa ni kumbukumbu ya mkono uliolishika.

Katika Kongo mkono kama huo ulikuwa wa Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, mji ambao leo huitwa Likasi, mwaka 1952. Vidole vyake viliendesha besi na sauti ya juu pamoja katika gita moja, na sahani zake zilisikika mbali na Katanga. Wanaomsikiliza leo hushangazwa na mpango wa sauti zake. Chapa ya gita huwa swali la baadaye, kama huulizwa kabisa.

Gita la umeme lilizaliwa katika mazingira ya namna nyingine, lakini nalo halikuwa mtoto wa kifalme. Leo Fender wa California, aliyelifanya gita la umeme la ubao mtupu kuwa bidhaa ya kiwandani kuanzia mwaka 1950, alikuwa fundi wa redio, wala hakuwa mpiga gita. Aliifunga shingo kwa skrubu ili ikiharibika ibadilishwe, akaupaka ubao rangi kama gari lipakwavyo. Chini ya nyuzi aliweka sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko. Katika miaka ya mwanzo waya huo uliongozwa kwa mkono, na idadi ya mizunguko haikuwa sawa kutoka gita hadi gita. Kwa hiyo hata magita ya mwaka mmoja yalitofautiana kidogo kwa sauti. Sumaku hizo pia zilinasa mvumo wa umeme wa nyumba, kasoro ambayo kampuni ya Gibson iliipatia dawa ya koili mbili, iliyoingia madukani mwaka 1957. Kampuni ya Danelectro nayo ilitengeneza magita ya mbao za kushindiliwa, na sumaku zake ikazitia katika vibweta vya rangi ya mdomo. Yalikuwa magita ya watu wasio na fedha nyingi. Baadaye wapigaji mashuhuri waliyatafuta kwa sababu hapakuwa na gita jingine lenye mlio ule.

Kwa hiyo ni kweli kwamba haiba yaweza kuzaliwa katika upungufu. Mwaka 1958 Link Wray wa Marekani alizitoboa spika zake kwa makusudi ili apate sauti iliyokwaruza, na sauti hiyo ikafungua njia kwa wengi. Lakini hapa ndipo historia ya Afrika Mashariki idaipo haki yake. Wray alikuwa na spika nzima akaamua kuitoboa. Mpigaji wa bendi ya Tanganyika au Kenya ambaye spika yake ilichanika safarini hakuamua kitu. Alipanda jukwaani usiku ule ule na kuifanya iimbe.

Bendi za dansi zilipoanza kutumia magita ya umeme, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, neno moja lilipata uzito mkubwa: vyombo. Vyombo ni magita, ngoma, amplifaya na spika kwa jumla, na mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Baada ya uhuru, bendi nyingi za Tanzania ziliwekwa chini ya mashirika ya umma. NUTA Jazz iliundwa chini ya chama cha wafanyakazi mwaka 1964, na majeshi, polisi na jumuiya za vijana walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki alikuwa mtumishi: alilipwa mshahara, akakabidhiwa gita, na alipohama aliliacha. Muhidini Gurumo na wenzake kadhaa walipohama Mlimani Park kwenda Orchestra Safari Sound mwaka 1985, walichoweza kuchukua ni sauti na ujuzi wao. Katika miaka hiyo fedha za kigeni zilikuwa haba, na gita lililovunjika halikupata mrithi upesi. Fundi redio alitafuta waya, seremala akaunga shingo, na waliokosa nyuzi za dukani walifumua waya wa breki za baiskeli. Huko vijijini gita la umeme lilitangulia kufika kuliko umeme wenyewe, likategemea jenereta na betri za gari.

Katika hali hiyo mpigaji alijifunza jambo ambalo mwenye magita kumi hana haja ya kulijua. Alijua ni freti ipi ya kuepuka, ni uzi upi uvutwe kidogo ili ufikie mahali pake, ni kigingi kipi kitalegea kabla wimbo haujakwisha. Elimu hii ilikaa mkononi. Mbaraka Mwinshehe alipoiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, wasikilizaji walimtambua kwa mapigo yake, na wameendelea kumtambua tangu alipofariki mwaka 1979. Kaskazini ya Kalemela, katika mwambao huo huo wa ziwa, Daniel Owino Misiani alizaliwa karibu na Shirati mwaka 1940. Bendi yake ya Shirati Jazz ilikuwa miongoni mwa zile zilizoipa benga sura yake, na katika benga magita ya umeme hukimbizana kwa mapigo ya haraka yanayokumbusha nyatiti. Haiba ya benga haikuletwa na gita katika sanduku lake. Ilikuwa imekwisha kuwako katika masikio ya watu, na gita lililazimishwa kuisema.

Tangu mwaka 1995 kampuni ya Fender imeuza magita mapya yaliyochakazwa makusudi: rangi hukwanguliwa, chuma hutiwa kutu, na ukingo hulikwa kama ulioegemewa na mkono kwa miaka 30. Mnunuzi hulipa zaidi ili apate alama za kazi ambayo haikufanyika. Si vibaya mtu kununua akipendacho. Lakini biashara hiyo huonyesha kosa la fikra: huidhani haiba kuwa imo katika mkwaruzo, hali mkwaruzo ni nyayo tu, na nyayo si msafiri.

Kutokana na hayo hukumu yaweza kutolewa. Kasoro ya umaliziaji isihesabiwe kuwa dhambi ya gita, maana muda na jasho vingeliondoa ulaini wake hata hivyo. Kasoro ya muundo isipambwe kwa jina la haiba, kwa sababu kila aisifuye humdhulumu mtu aliyepambana nayo. Anayesema kwamba umaskini wa vyombo ndio ulioipa dansi utamu wake, humpa mbao na waya heshima iliyo haki ya vidole. Hapana ajuaye ni nyimbo ngapi zilizozuiwa na shingo iliyopinda, kwa kuwa wimbo uliozuiwa hauachi sahani. Zilizosalia zilishinda chombo.

Mchagua jembe si mkulima; iwe hivyo. Lakini mavuno yakiwa mema ingawa jembe lilikuwa bovu, asifiwe mkulima, kisha atafutiwe jembe jema.