Koobi Fora: majivu, nguruwe na jina la Ngeneo

Leo tuache siasa kidogo twende kaskazini ya Kenya, mashariki ya Ziwa Turkana. Ni nchi kame, ya upepo mkali na mawe yanayochoma. Hapo ndipo Koobi Fora. Ardhi yake ni mashapo yenye unene wa zaidi ya mita 500: matope, mchanga na majivu ya volkano, yaliyotandazwa na mito na ziwa tangu miaka zaidi ya milioni 4 iliyopita. Kila mvua ikinyesha, maji hukwangua udongo na mifupa ya kale hujitokeza.

Richard Leakey aliiona miamba hiyo akiwa kwenye ndege mwaka 1967, akarudi na msafara mwaka 1968. Lakini mabingwa wa kutambua mfupa katikati ya kokoto walikuwa Wakenya wenzetu wakiongozwa na Kamoya Kimeu. Mwaka 1972 mmoja wao, Bernard Ngeneo, aliona vipande vya mfupa. Viliunganishwa zaidi ya 150, likapatikana fuvu maarufu kwa namba 1470.

Hapo ugomvi ukapamba moto. Fuvu lilitoka chini ya tabaka la majivu liitwalo KBS. Majivu hupimwa umri kwa potasiamu, ambayo hugeuka polepole sana kuwa gesi ya agoni. Kipimo cha kwanza kilisema miaka milioni 2.6, hivyo fuvu likatangazwa kuwa na karibu miaka milioni 3. Waliokataa walikuwa na shahidi wa ajabu: nguruwe! Visukuku vya nguruwe wa chini ya KBS vilifanana na vile vya Omo, Ethiopia, vyenye miaka milioni 2 hivi. Mabishano yakachukua miaka, mpaka vipimo vipya vikaonyesha kuwa majivu yana miaka milioni 1.9 tu. Nguruwe walishinda kesi.

Sasa jambo linaloniuma. Ziwa lile lilipachikwa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, mwaka 1888. Kenya ikalifuta mwaka 1975, likawa Turkana. Lakini mwaka 1986 mtaalamu wa Kirusi alilipa fuvu jina la kisayansi, na leo linaitwa Homo rudolfensis. Yaani jina tulilolifukuza ziwani likahamia kwenye fuvu! Rudolf hakuwahi kukanyaga pale. Ngeneo ndiye aliyeinama akaokota.

Msiniambie haiwezekani. Kamoya Kimeu, aliyefariki mwaka 2022, ana nyani wa kale anayebeba jina lake, Kamoyapithecus. Kanuni za sayansi hazitaruhusu Rudolf kubadilishwa kirahisi. Sawa. Lakini vitabu vya shule tunaviandika wenyewe. Mtoto anayefundishwa 1470 afundishwe na Ngeneo. Hilo halihitaji maabara.