Dainamo, Alternata, na Desturi ya Kuvua Waya wa Betri

Chombo chaweza kubadilishwa kwa siku moja, lakini maarifa ya kukitunza hukawia nyuma yake miaka mingi. Nataka kulionyesha jambo hilo kwa kifaa ambacho watu wengi hawakitazami mpaka kiharibike: kile kizungushwacho na injini ya motokaa ili kijaze betri na kuwasha taa. Wazee wetu walikijua kwa jina la dainamo. Sisi twakijua kwa jina la alternata. Wengi hudhani kuwa majina hayo mawili ni ya kitu kimoja, na hapo ndipo kosa linapoanza.

Si zamani sana, motokaa ya nyumbani kwangu, ya zile kubwa zibebazo watoto, magunia na wageni kwa pamoja, ilianza kuonyesha taa nyekundu yenye picha ya betri. Taa hiyo iliwaka, ikazimika, ikawaka tena. Na usiku mwanga wa mbele ulififia kila injini ilipopunguza mwendo. Jirani yangu, mzee aliyeanza ufundi katika ujana wake, alikuja akainama juu ya injini. "Mwanangu," aliniambia, "washa, kisha tuvue waya mmoja wa betri. Injini ikizimika, mtambo wako umekufa. Ikiendelea, mtambo mzima." Nilikuwa nimesikia mahali ya kuwa jambo hilo halifai, walakini heshima ilinifunga kinywa. Waya ukavuliwa, injini ikaendelea, nasi tukashukuru. Siku ya tatu usiku tulikuwa njiani kumpeleka mtoto mwenye homa hospitali, na motokaa ikazimika gizani, betri haina nguvu hata ya kupiga honi. Msafiri mmoja ndiye aliyetuchukua.

Simlaumu mzee wangu. Neno lake lilikuwa na asili, na asili hiyo ndiyo historia ninayoitafuta.

Mwaka 1831 Michael Faraday, Mwingereza, alionyesha ya kuwa sumaku ikiendeshwa karibu na waya uliozungushwa, umeme hupita katika waya huo. Mwaka uliofuata, Hippolyte Pixii wa Ufaransa aliunda mashine ya kuzungushwa kwa mkono iliyotumia kanuni hiyo. Umeme uliotoka ulikuwa ukienda mbele na kurudi nyuma kila sumaku ilipogeuka. Wataalamu wa siku zile hawakuuona una faida, kwa hiyo Pixii, kwa shauri la Ampère, aliongeza kifaa cha kugeuza miunganisho ili umeme uelekee upande mmoja tu. Yapasa tulikumbuke jambo hili: umeme wa kwenda na kurudi ndio mtambo wa kuzunguka unaouzaa kwa asili yake, na umeme wa upande mmoja hupatikana kwa kulazimishwa. Betri nayo haikubali kujazwa ila kwa umeme wa upande mmoja.

Motokaa za kwanza hazikuhitaji mengi ya haya. Injini iliwashwa kwa hendeli, kazi iliyovunja mikono ya watu wengi, na taa zilikuwa za mafuta au za gesi ya asetilini. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilitoa motokaa zenye stata ya umeme iliyobuniwa na mhandisi Charles Kettering, na tangu hapo betri ikawa kiungo cha lazima. Penye betri hapana budi pawe na cha kuijaza. Ndivyo dainamo ilivyoingia chini ya boneti, ikakaa huko kwa karibu nusu karne.

Ndani ya dainamo, nyaya zizaazo umeme ndizo zizungukazo. Umeme wote hutolewa kwa kupitia vipande vya kaboni vinavyosugua pete ya shaba iliyokatwa vipande vipande, na pete hiyo ndiyo igeuzayo mwelekeo. Kaboni huisha, shaba huungua na kuchafuka, nyaya nzito haziwezi kuzungushwa kwa kasi kubwa bila kutaka kufumuka. Injini ikienda polepole, dainamo haitoi karibu kitu. Dereva aliyesimama kwenye foleni na taa zake zinawaka alikuwa akila akiba ya betri. Walakini dainamo ilikuwa na fadhila moja kubwa: iliweza kufunguliwa. Mtu mwenye spana, kipande cha msasa na subira aliweza kuitoa, kuisafisha shaba yake, kutia kaboni mpya, na kuirudisha siku hiyo hiyo. Aliyeitengeneza aliijua kama mkulima ajuavyo jembe lake.

Kwa nini basi watu hawakuuacha umeme uende na kurudi utakavyo, wakaugeuza nje ya mtambo? Walijaribu. Baada ya vita vya pili vya dunia kulikuwa na magari ya polisi na ya wagonjwa huko Marekani yaliyotumia alternata, lakini vigeuzi vyake vilikuwa vikubwa na vya gharama. Kilichofungua njia ni diodi ya silikoni: kijipande kidogo kipitishacho umeme upande mmoja na kuuzuia upande wa pili, kama valvu ya pampu izuiavyo maji yasirudi kisimani. Diodi sita zilitosha kuifanya kazi ya ile pete ya shaba, bila kusuguana na bila kuchakaa. Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler iliiweka alternata katika motokaa yake iitwayo Valiant kuwa kifaa cha kawaida, na wengine wakafuata. Land Rover, ambayo barabara za Afrika Mashariki zinaijua vizuri, iliacha dainamo ilipotoka toleo lake la tatu mwaka 1971.

Sasa mambo yakapinduka. Katika alternata, nyaya zizaazo umeme zimetulia ukutani, na kizungukacho ni sumaku ya umeme inayohitaji mkondo mdogo tu. Kaboni zingalipo, lakini ni ndogo na mzigo wake ni mwepesi. Hata injini ikinguruma polepole, umeme watosha. Tumepata faida kubwa. Gharama yake ni kwamba uhai wa mtambo sasa umo katika vijipande sita visivyofunguka, visivyosafishika, wala visivyoonyesha dalili kwa jicho.

Na hapo ndipo mzee wangu aliponaswa. Kuvua waya wa betri injini ikiwa yaenda hakukuwa salama hata enzi za dainamo. Taa ziliweza kuungua. Lakini dainamo yenyewe ilikuwa shaba na chuma, ikavumilia. Alternata ikinyang'anywa betri ghafula, hali inaisukumia umeme, volti zake hupanda kwa kitambo kidogo mara kadhaa kupita kiasi chake, na kipigo hicho chaweza kuua diodi, kidhibiti volti, na vifaa vingine vya motokaa. Tena jibu la jaribio lenyewe si la kuaminika, kwa sababu alternata iliyopoteza diodi moja huweza kuendelea kuiendesha injini huku haitoshi kujaza betri.

Hata kanuni njema zina historia. Nilipoibadilisha alternata nyumbani, chini ya mwembe, nilianza kwa kuvua waya wa hasi, kama kila mtu afundishwavyo leo. Maana waya mnene wa alternata umeungana moja kwa moja na betri, na spana ikigusa huo na chuma cha motokaa kwa pamoja, cheche zake si mchezo. Lakini motokaa nyingi za Kiingereza za miaka ya 1950 zilifungwa chanya kwenye bodi. Katika hizo, aliyeanza na hasi alijitafutia balaa ile ile. Kanuni ya kweli ni kuvua kwanza waya ulioungana na bodi, na kuurudisha mwisho. Jina lake ni jambo la zama.

Kazi yenyewe haikunichukua ila asubuhi moja. Kabla ya kuulegeza mkanda niliichora njia yake kwenye karatasi, kwa kuwa mkanda mmoja sasa huzungusha vitu vingi na kumbukumbu ya mtu hudanganya. Alternata mpya niliilinganisha na ya zamani, puli kwa puli, tundu kwa tundu, kabla ya kuitia. Betri niliijaza kwanza kwa chaja, nisiutwike mtambo mgeni mzigo wa betri mfu. Mwisho niliiwasha injini na kuipima betri kwa mita: volti 14 na kidogo, ambapo betri iliyojaa na kutulia huwa na 12.6 hivi. Nilifurahi, kisha nikajicheka. Kipimo hiki nacho kitakuwa kama ule waya wa mzee, maana katika motokaa nyingi za siku hizi kompyuta ndiyo iamuruyo alternata itoe kiasi gani, na huweza kuishusha makusudi ili kuokoa mafuta. Mwanangu akishika mita na kutafuta 14 isiyokuwapo, atanunua alternata asiyoihitaji, akisema baba ndiye aliyemfundisha.

Mzee aliiomba ile mbovu. Jioni nilimkuta ameketi barazani, ameifungua juu ya jamvi. Kaboni alizozitazama kwanza zilikuwa bado ndefu. Nikamwonyesha diodi, nikamwazima mita, naye akazipima moja moja, huku na huku, bila haraka. Tano zilipitisha upande mmoja. Moja haikupitisha upande wowote.

"Ilikufa lini hii?" akaniuliza.

Nilimwambia kweli, ya kuwa taa nyekundu ilikuwa ikiwaka kabla yeye hajaja, na kwamba hakuna awezaye kujua. Akanyamaza. Kisha akaniomba nimwachie mita mpaka kesho.