"Mahakama" na "Baraza": Funzo la Istilahi kutoka Kambi ya Simba

Miongoni mwa istilahi za utawala ambazo watafsiri wengi huzitumia kana kwamba ni kitu kimoja, yamo maneno "mahakama" na "baraza". Kwa kuwa katika vyombo vyote viwili watu huketi, husikiliza shauri na kutoa uamuzi, huenda mtu akadhani kwamba vinatofautiana kwa ukubwa tu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa shauri moja lililotoka Karatu, kwamba tofauti hiyo ni ya kikatiba.

Neno "mahakama" lina asili ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa "hakimu" na "hukumu". "Baraza" ni mahali pa kuketi mbele ya nyumba. Maana yake ikapanuka hadi kuwa kikao cha wazee, na baadaye chombo cha Serikali. Ndiyo maana tunalo Baraza la Mawaziri na Baraza la Madiwani, wala hakuna anayeyaita mahakama.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inagawa madaraka ya nchi sehemu tatu katika Ibara ya 4: utendaji, kutunga sheria na utoaji haki. Kazi hii ya mwisho imekabidhiwa Mahakama. Mahakama Kuu imewekwa na Ibara ya 108. Mahakama ya Rufani imewekwa na Ibara ya 117. Chombo hiki kilianzishwa mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977.

Mpangilio huo ulipata mtihani wake kutokana na shamba moja. Mwaka 1987 Lohay Akonaay na mwanawe, Joseph Lohay, wa kijiji cha Kambi ya Simba, Kata ya Mbulumbulu, ambayo sasa imo katika Wilaya ya Karatu, walidai ardhi yao ya kimila katika Mahakama ya Hakimu Mkazi, Arusha, wakashinda. Rufani ilikuwa bado haijaamuliwa ilipotungwa Sheria Na. 22 ya mwaka 1992, iliyohusu ardhi ya vijiji vilivyoundwa wakati wa Operesheni Vijiji. Sheria hiyo ilifuta haki za kimila bila fidia, ikakomesha mashauri yaliyokuwa mahakamani, ikazuia hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe, na migogoro ikaikabidhi kwa baraza la ardhi.

Baba na mwana wakaipinga sheria hiyo katika Mahakama Kuu, wakashinda. Serikali ikakata rufani. Mwezi Desemba 1994 Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba Bunge lilikuwa limeingilia kazi ya Mahakama. Mabaraza yanaweza kuundwa. Lakini hayawezi kumfungia mwananchi mlango wa mahakama.

Mwaka 2000 Ibara ya 107A iliongezwa, ikatamka kwamba Mahakama ndiyo yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki. Sheria ya mwaka 2002 juu ya migogoro ya ardhi nayo ilipanga ngazi: Baraza la Ardhi la Kijiji, Baraza la Kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Jina la Kiingereza la sheria hiyo linaziita ngazi zote kwa neno moja. Kiswahili kimehifadhi mpaka.

Yafaa mpaka huo ulindwe. Huko Ngorongoro mashauri ya ardhi ya Loliondo yamefika hata katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mfugaji akiandikiwa barua kwamba "mahakama ya kijiji" imekwisha kuamua, huenda akadhani safari imekoma, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Kwa hiyo tunapendekeza "mahakama" litumike kwa chombo kinachotumia mamlaka ya Ibara ya 4 tu, na "baraza" kwa kila chombo ambacho uamuzi wake waweza kupelekwa mbele yake.