Diski za dado: Shafti ya msumeno ichunguzwe kwanza
Fundi seremala anayetaka rafu za kabati zikae ndani ya mifuo badala ya kushikwa na misumari pekee hutumia diski za dado, ambazo hukata mfuo mpana kwa kupitisha mbao mara moja. Seti huwa na diski mbili za nje, na katikati yake hupangwa vikataji hadi upana unaotakiwa upatikane. Seti nyingi hukata kuanzia milimita 6 hadi takribani 20.

Msumeno wa meza wa inchi 10 kwa kawaida hufungwa seti isiyozidi inchi 8. Hata hivyo, bei nafuu isimdanganye mnunuzi: nati isipoingia kikamilifu kwenye shafti, seti hiyo haifai. Misumeno mingi iliyoundwa kwa soko la Ulaya ina shafti fupi mno. Kwenye msumeno wa umeme wa kushika mkononi, diski hizi hazifungwi kabisa.

Plaiwudi ya milimita 18 mara nyingi hupungua kidogo, hivyo upana ujaribiwe kwenye kipande cha mabaki. Na kwa kuwa kinga ya kawaida huondolewa katika kazi hii, mbao isukumwe kwa kisukumio, si kwa kiganja kinachopita juu ya diski.