Maji ya Dafu Hayana Kosa: Historia ya Busha Pwani Yetu



Kaa barazani Malindi, Mambrui au Takaungu baada ya tarawehe, utasikia kila habari. Siasa, bei ya samaki, nani kaposa wapi. Hata sukari na presha watu huzitaja bila shida, na kila mmoja ana dawa yake ya kukupa. Lakini kuna ugonjwa mmoja ukitajwa, ama watu huangua kicheko ama hunyamaza kimya. Nao ni busha. Na mwenye nalo pengine yuko hapo hapo barazani, kanzu au kikoi chake kimemsitiri, anacheka pamoja na wenziwe.

Vijana wenzangu, mambo haya si ya wazee peke yao. Busha hubadilisha maisha ya mtu katika unyumba wake. Wako wanaochelewa kuoa kwa sababu yake, wako ambao ndoa zao zimeingia baridi bila mke kuambiwa kwa nini, na wako walioacha kazi za nguvu kama uvuvi na ukulima. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa wanaume wapatao milioni 25 duniani wana ugonjwa huu wa sehemu za siri unaotokana na minyoo ya matende. Kwa hivyo aliye nalo hayuko peke yake, ingawa yeye huona hivyo.

Hebu tuanze na yale yasemwayo mitaani. La kwanza, na maarufu kuliko yote, ni madafu. Ati ukinywa dafu sana maji yanateremka chini. Wengine husema ni baridi, wengine ni kubeba mizigo mizito. Na wapo wanaosema, kwa sauti ya chini, kwamba huyo ametegwa: alikwenda kwa mke wa mtu akakutana na tego. Hili la mwisho ndilo baya zaidi, manake humvika mgonjwa kosa la zinaa ambalo pengine hakulifanya maishani mwake.

Hili la madafu, kusema kweli, mimi silicheki. Wazee waliona kitu cha kweli. Waliona kwamba palipo na mnazi pana busha, na huko bara kwenye baridi hakuna mnazi wala busha hulioni sana. Walivyoona ni sawa, tafsiri ndiyo iliyokwenda kombo. Kinachounganisha mnazi na busha ni joto na unyevu wa pwani, na penye joto na unyevu pana mbu.

Ilichukua muda mrefu kujua hivyo. Mwaka 1863, mjini Paris, daktari aliyeitwa Demarquay alichunguza maji yaliyotolewa kwenye busha la mgonjwa aliyetoka Cuba, akaona vijidudu vidogo vyembamba kama uzi. Yaani mnyoo huu ulionekana kwa mara ya kwanza ndani ya maji ya busha lenyewe. Mwaka 1866 Wucherer akaviona huko Brazil katika mkojo, na mwaka 1872 Lewis akaviona katika damu huko Calcutta. Mwaka 1876 Joseph Bancroft akampata mnyoo mzima huko Brisbane, Australia. Ndiyo maana mnyoo wenyewe ukaitwa Wuchereria bancrofti, majina ya watu wawili.

Aliyefungua fumbo ni Patrick Manson, daktari Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Amoy, China. Mwaka 1877 aliwaachia mbu wamuume mtu aliyekuwa na vijidudu hivyo, kisha akawapasua wale mbu na kuona vijidudu vinakua ndani yao. Baadaye akagundua jambo la ajabu: vijidudu hivi hujificha mchana na hutoka kwenye damu ya pembeni usiku, wakati mbu wanapouma. Hadi leo, damu ya kutafutia vijidudu hivi kwa darubini hutolewa usiku, takriban kuanzia saa nne hadi saa nane. Saa za watu wa kukesha hizo.

Lakini Manson naye hakufika mwisho wa safari. Alidhani mbu hufa majini na mtu huambukizwa kwa kuyanywa maji hayo. Zaidi ya miaka 20 ikapita wataalamu wakiamini hivyo, mpaka karibu na mwaka 1900 ndipo ilipothibitishwa kwamba mnyoo huingia kwa kuumwa na mbu. Basi ikiwa daktari mwenye darubini aliyasingizia maji ya kunywa, mzee wa Ngomeni tumlaumu kwa kulisingizia dafu?

Utafiti ulifika mpaka kwetu. Mwaka 1977 zilichapishwa kazi za Wijers na wenzake kuhusu matende na mabusha katika Mkoa wa Pwani, na sehemu walizochunguza mbu ni Mambrui, mji mdogo wa pwani, na Jaribuni, kwa ndani mashambani. Kwenye miji yetu mbu mmoja anayebeba mnyoo huu ni yule kuleksi wa kahawia, apendaye maji machafu ya vyoo vya shimo na makaro. Mashambani ni anofelesi, yule yule wa malaria. Na mbu mmoja kukuuma usiku mmoja hakutoshi kukupa busha. Ni kuumwa mara nyingi, miezi na miaka, na mara nyingi mtu huambukizwa utotoni kisha uvimbe ukamtokea akiwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 6 amezini na nani?

Sasa swali ni hili: ikiwa sababu inajulikana tangu zama za babu wa babu zetu, kwa nini ugonjwa unafichwa mpaka leo? Jibu tutakalopewa ni haya. Na haya ni katika imani, hilo halina ubishi. Ila tutazame wale waliotangulia, waliokuwa na haya kutushinda sisi, walifanyaje.

Ummu Sulaym (R.A.) alimwendea Mtume (S.A.W.) akatanguliza kusema kwamba Mwenyezi Mungu haoni haya katika haki, kisha akauliza wazi kama mwanamke aliyeota ndotoni analazimika kuoga. Akajibiwa kama alivyouliza. Sayyidna Ali (R.A.) alikuwa akisumbuliwa na madhii, akaona haya kuuliza kwa kuwa alikuwa amemuoa binti wa Mtume. Hakukaa na shida yake. Alimtuma Miqdad amuulizie. Huo ni ufunguo mzuri kwa mwenye kushindwa na ulimi: tuma mtu.

Kuna kisa kingine ambacho madrasani hupitwa haraka. Mke aliyekuwa ameachwa na Rifa'a aliolewa na Abdurrahman bin Zabir, naye akaja kwa Mtume (S.A.W.) kulalamika kwamba mumewe huyu mpya hawezi, akashika upindo wa nguo yake kuonyesha anachokusudia. Khalid bin Said alikuwa mlangoni akisubiri idhini. Akamwita Abubakar (R.A.), kwa nini humkanyi mwanamke huyu na maneno anayoyasema mbele ya Mtume? Na Mtume (S.A.W.) hakuzidisha juu ya kutabasamu, kisha akamjibu mas'ala yake.

Mafakihi wakaendeleza. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (R.A.) kwamba mume asiyeweza hupewa muhula wa mwaka mmoja, na hukumu hiyo imo katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachosomeshwa pwani yote hii. Kwa nini mwaka? Wanavyuoni walieleza kuwa ni ili misimu minne impitie, kwani huenda udhaifu wake umetokana na joto au baridi, ukavu au unyevu, na ukaondoka msimu ukibadilika. Yaani kadhi aliliangalia jambo hili kama maradhi yanayoweza kupona. Hakulifanya mzaha wala laana. Siku hizi tungeongeza kwamba udhaifu huo mara nyingine ni dalili ya sukari au presha, na yale mabango ya nguvu za kiume yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima hayapimi chochote katika hivyo viwili.

Na kuhusu busha hasa, Waislamu walikuwa na maarifa nalo mapema. Abul Qasim az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki takriban mwaka 1013, aliandika At-Tasrif, kitabu cha sehemu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji pamoja na michoro ya vyombo. Humo aliweka mlango juu ya busha la maji na namna ya kulipasua. Leo ni zaidi ya miaka 1000 baadaye, na kijana wa Watamu anaogopa kumtajia daktari kile ambacho Az-Zahrawi alikiandika kwa wino.

Tuje kwa wakati wetu. Mwaka 2002 serikali ya Kenya ilianza kugawa dawa za matende kwa watu wote, wenye ugonjwa na wasio nao, na wilaya ya kwanza ilikuwa Kilifi. Mwaka 2003 zikafuata Malindi na Kwale. Dawa zilikuwa DEC na albendazole, na wagawaji walipita nyumba kwa nyumba. Miaka mingine kampeni haikufanyika, na uvumi haukukosa, ati ni dawa za kupanga uzazi. Mwaka 2018 Lamu na Jomvu wakaanza kupewa dawa tatu kwa pamoja, ivermectin ikiongezwa.

Ila dawa hizi ziliwavunja moyo wengi kwa sababu hawakuelezwa vyema. Zinaua vijidudu vilivyo kwenye damu ili mbu asipate cha kubeba. Zinamlinda mtoto wako na jirani yako. Busha lililokwisha jaa hazilipunguzi. Baba akameza, akangoja, akaona liko vile vile, akasema nimedanganywa.

Dawa ya busha lililojaa ni upasuaji. Kulifyonza kwa sindano ni kazi bure, maji hurudi. Daktari hupasua ngozi, hutoa maji, kisha hukata au hukunja ule utando unaoyazuia. Mara nyingi mgonjwa hupigwa ganzi tu, na siku hiyo hiyo au ya pili hurudi nyumbani. Upasuaji huu haudai mabingwa wa Nairobi. Na suala la kufunua uchi mbele ya tabibu, wanavyuoni wameliruhusu kwa haja ya matibabu, kwa kiasi cha haja hiyo.

Si kila uvimbe ni wa mnyoo. Kuna ngiri ya utumbo, kuna maambukizo, na kuna saratani ya korodani ambayo huwapata hata vijana. Maumivu makali ya ghafla ya korodani hayangojei asubuhi wala futari: huenda korodani imejisokota, na saa 6 zikipita yaweza kupotea. Hapo ni hospitali mbio, usiku huo huo.

Kwa aliye na busha la siku nyingi, hata baada ya Idi si mbaya. Hana haja ya kueleza chochote dirishani mbele ya foleni. Aseme tu: nina shida ya kina baba, naomba kumuona daktari mwanamume. Na akishindwa hata na hayo, amtume Miqdad wake.