Mistari ya Ituri na Watu Wasioulizwa

Kadi ya mpiga kura ya Kongo hubeba mengi kuliko jina na picha. Kwa miaka mingi serikali haikutoa kitambulisho kingine cha taifa, kwa hiyo kadi hiyo ndiyo ambayo mtu wa Bunia, mji mkuu wa jimbo la Ituri mashariki mwa Kongo, huitoa kwenye bariyeri za askari. Juu yake huandikwa asili ya mwenye kadi: kijiji, grupma (kundi la vijiji), sheferi au sekta, wilaya, jimbo. Anayeisoma kadi ya mtu wa wilaya ya Djugu kuanzia kijiji kwenda juu anapanda ngazi ambayo kila kipago chake kilichongwa na utawala mwingine, na ni mara chache sana wenyeji waliulizwa kabla ya shoka kushuka.

Niseme kwanza jambo la msamiati. Msomaji wa Nairobi au Dodoma akisikia "jimbo" humfikiria mbunge. Kwa Wakongo jimbo ni mkoa wenye gavana wake. Eneo linalomchagua mbunge ni mji au wilaya, ile ambayo watu wa Ituri huiita teritwari. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala hii. Kongo haina mistari ya uchaguzi inayosimama peke yake. Mstari wa kura ndio mstari wa utawala, na chini yake umo mstari wa ardhi.

Mpaka wa nje ulichorwa Ulaya. Mwaka 1910, miezi michache baada ya kifo cha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, Waingereza na Wabelgiji walikubaliana mjini Brussels kwamba ufuko wa magharibi wa Ziwa Albert, pamoja na Mahagi, ubaki Kongo. Waaluri wakagawanyika, hawa wa Mahagi na wale wa Uganda. Walugbara wa Aru nao wametenganishwa na mpaka huo na ndugu zao wa Arua, Uganda.

Mistari ya ndani ilikuja kwa njia yenye uchungu zaidi. Amri ya Wabelgiji ya Mei 1910 iligawa watu wote katika sheferi, kila moja na shefu anayetambuliwa na serikali. Mwaka uliofuata shefu wa Wahema, Bomera, aliuawa kusini mwa Bunia katika ugomvi na Walendu. Jibu la utawala lilikuwa kutenganisha: Wahema huku, Walendu kule. Hadi leo majina yanatangaza utengano huo: Walendu Bindi na Bahema Sud katika Irumu, Walendu Pitsi, Walendu Djatsi, Walendu Tatsi na Bahema Nord katika Djugu. Watu hao walikuwa wakioana na kubadilishana maziwa kwa mazao. Wahema wa kaskazini wanazungumza Kilendu hata sasa. Lakini ramani iliamua kwamba kila kilima kina kabila lake, na kuanzia hapo aliyelima upande wa pili wa kijito alikuwa mgeni. Sioni kosa kubwa kuliko hilo katika historia yote ya mipaka ya Ituri, na halijapata kurekebishwa.

Uhuru ulifungua mlango kidogo, kisha ukaufunga. Mwaka 1962 bunge la Léopoldville liliunda jimbo la Kibali-Ituri. Mwaka 1966 Mobutu aliyapunguza majimbo, na Bunia ikarudi chini ya Kisangani, katika jimbo la Orientale. Sheria ya ardhi ya 1973 ikaifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na wenye elimu na marafiki serikalini wakaweza kujipatia mashamba makubwa ya zamani ya walowezi. Juni 1999 jenerali wa Uganda, James Kazini, ambaye jeshi lake lilikuwa likiikalia sehemu hiyo ya Kongo, alitangaza Kibali-Ituri kuwa jimbo tena na kumteua Adèle Lotsove Mugisa, Mhema, kuwa gavana. Ugomvi wa mashamba katika Walendu Pitsi ulikuwa umekwisha kuwaka. Sasa ukawa vita iliyoua zaidi ya watu 50,000.

Ndipo ikaja ile mara moja ambayo watu wa Ituri waliulizwa kwa kirefu. Makubaliano ya Luanda ya Septemba 2002 kati ya Kongo na Uganda yaliagiza iundwe Tume ya Amani ya Ituri. Ilifungua kikao chake Bunia tarehe 4 Aprili 2003. Siku moja kabla, huko Drodro katika Djugu na vijiji vya jirani, mamia ya watu walikuwa wameuawa. Wajumbe 177 walikaa siku kumi. Walitoka wilaya zote tano, Aru, Mahagi, Djugu, Irumu na Mambasa, na wakakubaliana kuwa na bunge la muda, ambalo Pétronille Vaweka alichaguliwa kuliongoza. Mwezi uliofuata majeshi ya Uganda yaliondoka na Bunia ikateketea tena hadi kikosi cha Ulaya kilipofika mwezi Juni. Wapo wanaosema kikao kile hakikuzaa kitu. Mimi nakiheshimu: watu waliotoka kuzika wenzao walikaa chumba kimoja kuzungumzia jinsi ya kutawaliwa pamoja.

Katiba mpya, iliyopigiwa kura Desemba 2005, iliifanya Ituri kuwa jimbo. Lakini mpiga kura alijibu ndiyo au hapana kwa vifungu 229 kwa pamoja; hakuwa na nafasi ya kusema lolote kuhusu kilima chake. Jimbo lenyewe lilisubiri hadi 2015, lile la Orientale lilipogawanywa kuwa majimbo manne.

Hesabu ya viti nayo ina shida yake. Sensa ya mwisho ya Kongo ni ya 1984. Kwa kukosa hesabu ya watu, sheria ya uchaguzi ya 2006 inagawa viti 500 vya bunge la taifa kwa idadi ya walioandikishwa: tume ya uchaguzi, CENI, hufunga daftari, kisha bunge hupitisha jedwali la viti kwa kila mji na wilaya. Wananchi hawaitwi kutoa maoni. Kenya, kwa mfano, katiba yake ya 2010 inaitaka tume ya uchaguzi kushauriana na wahusika wote kabla ya kugusa mpaka, na kupitia upya mipaka kila baada ya miaka 8 hadi 12. Huko nako muda uliowekwa, Machi 2024, ulipita tume ikiwa haina makamishna. Angalau Mkenya ana kifungu cha kudai.

Katika Ituri kujiandikisha kwenyewe kunategemea bunduki. Tangu mwisho wa 2017 watu wameikimbia Djugu kwa mamia ya maelfu, wengine kuvuka ziwa kwenda Uganda, wengine kwenye kambi. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi. Kambi nazo hazikupona: Plaine Savo ilivamiwa Februari 2022 na watu wapatao 60 wakauawa. CENI ilipoandikisha Ituri mwanzoni mwa 2023, mama aliyekimbia Djugu na kujiandikisha Bunia aliongeza hesabu ya Bunia na kupunguza ya Djugu. Aliyemfukuza kwake amesogeza mizani ya bunge bila kugusa ramani.

Kwa hiyo wanaodai mipaka ya Djugu na Irumu ipitiwe upya wajibu kwanza swali la mahali pa kikao cha kuwauliza wananchi. Shefu ataitisha baraza kwenye kilima ambacho nusu ya nyumba hazina paa? Au maafisa watakwenda kwenye mahema, wamwombe yule mama kadi yake, waone mstari wa makazi unasema Bunia na ule wa asili bado unataja kijiji chake?