Kabla ya Moshi wa Kikopey

Kikopey unaijua kwa moshi. Matatu ikipita Gilgil kuelekea Nakuru, harufu ya mbuzi inaingia dirishani na safari inasimama kwanza. Lakini kabla ya barabara na choma, nyanda hizi za karibu na Ziwa Elementaita zilikuwa malisho ya Wamaasai. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 zikapigwa mara mbili: sotoka ikafyeka ng'ombe, ndui ikafyeka watu. Wamaasai wanakiita kipindi hicho Emutai, yaani maangamizi.

Ebu fikiria. Ng'ombe wakiisha, maziwa yanaisha, na mtoto mwenye njaa hana nguvu ya kupambana na ndui. Wazungu walipofika na reli, waliona malisho mapana yenye watu wachache, wakasema ardhi ni tupu. Mkataba wa 1904 ukawahamisha Wamaasai waliobaki, wengine Laikipia, wengine kusini mwa reli. Ugonjwa uliua, kisha ukarahisisha kunyang'anywa ardhi.

Ndui haikuondoka yenyewe. Ilifukuzwa na chanjo, kijiji kwa kijiji. Mtu wa mwisho kuipata kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, Oktoba 1977. Miaka miwili baadaye, tarehe 26 Oktoba 1979, WHO ilitangaza jijini Nairobi kwamba Pembe ya Afrika haina ndui tena. Mwaka wa 1980 Kenya ikaanzisha KEPI, mpango wa kuwachanja watoto dhidi ya kifua kikuu, polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda na surua. Angalia mkono wako wa kushoto, chini ya kiwiko. Kale kakovu ni sehemu ya historia hii.

Surua bado haijaisha. Mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na inasafiri na abiria kama sisi. Kuizuia kunahitaji watoto 95 kati ya 100 wapate dozi zote mbili: miezi 9, kisha miezi 18. Hiyo ya pili ndiyo husahaulika. Mtoto anakimbia tayari, mama amerudi kazini, kitabu cha kliniki kiko chini ya godoro.

Wale watoto wa Emutai hawakuwa na kliniki ya kuendea. Wa dada yako anayo. Muulize kama dozi ya pili imeandikwa.